Gari Lililomzika Venant

Buzuruga, Mwanza
2 Mei 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Barua hii namkabidhi Yeremia wa dagaa, maana simu yako nimeipiga tangu kabla ya Pasaka hadi nimechoka kuambiwa hupatikani. Yeremia anasema mtandao wa Shirati siku hizi hauna shida. Basi labda ni simu yako tu.

Huku tu wazima. Favour ameota meno ya mbele na anamng'ata kila anayemshika, hata padre aling'atwa siku ya ubatizo. Msalimie mama mdogo, mwambie fundi wa gauni lake anakula siku tu, kila nikienda ananiambia kesho.

Sasa lililonifanya niandike. Nitaeleza yote, hata unayoyajua, ndivyo tulivyo makarani. Matokeo ya uchunguzi wa ajali yametoka. Wamebandika karatasi hapa gereji inayosema kuwa basi la kampuni lililopinduka Jumanne tarehe 18 Machi kwenye mteremko kabla ya Misungwi, likirudisha watu kutoka kumzika Mzee Venant, lilikosa breki za nyuma. Watu wanne walikufa. Karatasi inasema pia kwamba basi hilo lilikaguliwa Ijumaa tarehe 14, na mkaguzi aliyeliruhusu barabarani ni Venant mwenyewe. Jina lake lipo kwenye fomu, sahihi yake ipo.

Stendi nzima haina habari nyingine. Wanasema mzee kaondoka na waliomzika. Kijijini kwake ni vibaya zaidi, kwa sababu watatu kati ya wale wanne walikuwa majirani zake, waliomba lifti tu mpaka Misungwi mjini. Majirani wamekataa msalaba usimikwe kaburini. Bernadeta, mjane wake, kanipigia analia. Kaburi la mtu aliyelinda roho za abiria miaka ishirini na sita lina kijiti tu, na mbuzi wanapita juu yake.

Bernadeta anaapa kwamba Ijumaa ile mumewe alikuwa kitandani, presha imepanda, na hakuinuka tena mpaka Jumapili alfajiri alipokata roho. Kampuni inamjibu kwamba neno la mke si ushahidi. Kitabu cha mahudhurio kinaonyesha alikuja kazini.

Wewe ulikuwa fundi wake miaka ishirini na miwili, na Ijumaa ile ulikuwa zamu. Swali langu ni moja tu, baba mdogo. Venant alikuja?

Mwanao,
Akelo


Shirati
29 Mei 2025

Mama Akelo, wewe uliyebeba jina la mama yangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa kwa Yeremia wiki mbili, akaileta inanuka dagaa hadi paka akaifuata. Tu wazima. Mama mdogo wako anahangaika na kuku wake kuliko anavyohangaika na mimi. Ng'ombe mmoja kazaa dume. Samaki wameadimika, sato tunamsikia kwa majirani. Simu yangu iliingia maji.

Ulivyomtaja Venant nilishindwa kumaliza ugali. Wewe ulimwona ofisini, mimi nilimwona chini ya magari. Basi likitoka matengenezo alikuwa haliachii mpaka aliendeshe mwenyewe hadi Kisesa na kurudi, tena pekupeku. Viatu alivua akaviweka kando ya kiti. Alisema breki mbovu husikika kwenye unyayo kabla haijasikika masikioni. Madereva walimcheka, wakamwita Mzee Nyayo. Mwaka ule wa mvua kubwa aliwateremsha abiria hamsini asubuhi kwa sababu ya nati mbili. Meneja alimwambia leo nakufukuza. Venant akajibu, "Nifukuze, ila funguo naondoka nazo." Akaenda nazo nyumbani kweli, akalala nazo chini ya mto. Mkumbuke hivyo. Mimi namkumbuka hivyo.

Hayo ya fomu achana nayo. Una mtoto mchanga na kazi ya kukulisha. Watu watasema, watachoka. Siku ile Mungu alikuponya, wewe shukuru, usichokonoe.

Baba yako mdogo,
Otuoma


Buzuruga
14 Juni 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Favour sasa anasimama kwa kushika ukuta. Huku habari ni daraja la Busisi, kila mtu anataka kwenda kulivuka hata asiye na safari. Gauni bado.

Barua yako nimeisoma mara tatu, nzuri sana, na nilicheka pale pa funguo. Ila nilikuuliza jambo moja na hilo ndilo pekee hukulijibu.

Mimi nakaa na makaratasi siku nzima, kwa hiyo nimeyafungua. Fomu zote za Venant zina namba mbili za kilometa: gari lilipotoka gereji na liliporudi. Kati ya namba hizo mbili kuna kilometa ishirini na kitu kila mara, ndiyo Kisesa kwenda na kurudi. Nimepitia za miaka sita. Hakuna hata moja aliyoruka. Fomu ya Ijumaa ile ina namba moja imeandikwa mara mbili. Basi halikusogea hata hatua. Mtu kalizunguka, kagonga matairi, kaandika. Huyo si Venant, baba mdogo. Kuna mtu alikaa akaandika jina lake.

Ni nani sasa? Namshuku Yakobo. Kama meneja, yeye ndiye aliyekuwa analitaka basi hilo litoke, na tangu karatasi ibandikwe ananisalimia kwa tabasamu ambalo sikuwahi kulipata. Juzi kaniuliza kwa nini mafaili ya zamani yako mezani kwangu. Nimesema natoa vumbi.

Nimewaonyesha wachunguzi zile namba. Wamekubali kulirudia suala, na wanataka kulinganisha mwandiko wa fomu na miandiko ya watu wote waliokuwa zamu. Kwako hawajafika kwa sababu umestaafu. Ulistaafu wiki moja baada ya mazishi, mambo yalikuwa mengi, hata hatukukuaga vizuri.

Padre amepanga kusimika msalaba Jumamosi tarehe 27 Septemba, watu waje wasije. Bernadeta anaomba uje useme neno. Anasema ukisimama wewe, kijiji kitasikiliza. Utakuja?

Akelo


Shirati
11 Julai 2025

KWA AKELO,

MARAHABA. NIMECHAPISHIWA BARUA HII STESHENARI KWA SABABU MKONO UNANIUMA TANGU NILIPOANGUKA KWENYE UTELEZI. TU WAZIMA. MAMA MDOGO ANASEMA HUYO FUNDI MNYANG'ANYE KITAMBAA.

KUHUSU YAKOBO UMEFIKIRI VIZURI. YAKOBO NI MTU WA KUKIMBIZA MAGARI BARABARANI. PIA MUULIZENI OBEDI ALIYEKUWA ANAENDESHA. OBEDI ANA MWENDO MKALI. DEREVA MZURI HATA AKIKOSA BREKI ANA GIA.

KUJA SEPTEMBA NI VIGUMU. GOTI HALINIRUHUSU SAFARI NDEFU NA BASI SIPANDI TENA. MPE BERNADETA POLE.

OTUOMA


Buzuruga
9 Agosti 2025

Baba mdogo,

Shikamoo nimeiandika nikaikata, nikaiandika tena. Iache hapo ilipo. Favour anatembea. Sina habari nyingine za nyumbani, au ninazo lakini mkono haukubali kuziandika.

Yeremia nilimuuliza kuhusu mkono wako. Alishangaa. Alisema siku uliyompa ile barua ya kuchapwa ulikuwa umetoka kupasua kuni, ukamwandikia kwa mkono wako orodha ya vipuri vya injini ya boti akununulie Mwanza. Orodha alikuwa nayo mfukoni. Nikamwomba.

Obedi nilimfuata kwake, kama ulivyoshauri. Bado anatembelea magongo. Hakukutaja kwa ubaya, anakuheshimu. Alisema tulipokuwa tunampeleka marehemu ulikaa nyuma yake, na njiani ukavua viatu. Alidhani ni uchungu, kwamba unamkumbuka Mzee Nyayo. Alisema breki ya nyuma ilikuwa nzito, alikuwa anakanyaga mara mbili ndipo ishike, na wewe ulikuwa unamwangalia mguu. Wakati wa kurudi ulimfuata dirishani ukamwambia "nenda polepole", kisha ukasema wewe unabaki kusaidia kufukia kaburi. Baba mdogo, kaburi vijana walikuwa wameshalifukia. Mashada yalikuwa juu.

Halafu nikajikumbuka mimi mwenyewe. Nilikuwa nimeshakaa ndani ya basi, kiti cha tatu upande wa dereva. Ukagonga kioo, ukaniita niteremke nikutafutie kofia yako, eti umeisahau jikoni kwa akina mama. Niliitafuta mpaka basi likaondoka. Niliporudi ulikuwa umekaa juu ya kinu, na kofia iko mfukoni mwa koti, ukingo wake unaonekana. Ukasema, "Kumbe hii hapa." Miezi yote hii nimekuwa nikimshukuru Mungu kwa kofia hiyo. Nimetoa sadaka kanisani kwa ajili ya kofia.

Kiti changu alikikalia Precious, binti wa Kashindye, wa kwaya, mmoja wa wale wanne waliokufa. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Nimeweka orodha ya vipuri, barua yako ya Mei na nakala ya fomu mezani, moja kando ya nyingine. Juni nilitazama namba tu, sikutazama mkono ulioziandika; sasa sikuhitaji mtaalamu. Ulinifundisha kuandika wewe, kwenye sakafu ya gereji, kwa chaki, kabla sijaanza shule. Tarakimu zako nazijua kuliko ninavyozijua zangu.

Sijampelekea mtu. Vyote vimo kwenye kopo la unga, na kila nikichota unga naviona. Wachunguzi wanarudi mwanzoni mwa Oktoba. Nikikaa kimya, Venant anabaki muuaji wa majirani zake na Bernadeta anahama kijiji, tayari wameshaanza kumnyima maji ya kisima. Nikisema, nakufunga wewe uliyenisomesha. Nimekuwa na hasira hadi maziwa ya mtoto yamepungua.

Usinichapie barua nyingine.

Akelo


Shirati
6 Septemba 2025

Mama,

Naandika kwa mkono. Hauumi na haukuwahi kuuma.

Nakueleza kama nilivyopaswa kukueleza Mei. Venant alikuwa anaumwa mwaka mzima. Alificha, kwa sababu Yakobo alikuwa anatafuta sababu ya kumstaafisha amweke mtu anayesaini upesi. Mficha maradhi kifo humuumbua, nilimwambia hivyo, akanijibu nani atayaangalia magari. Basi siku zake za kliniki nilikuwa namjazia kitabu cha mahudhurio na fomu. Tulikubaliana kwa sharti moja, kwamba niendeshe kama yeye, Kisesa na kurudi, bila viatu. Zile fomu za miaka sita ulizozipitia, saba katika hizo ni zangu, na zote niliendesha. Niliendesha, mama, amini hilo hata kama huamini jingine.

Ijumaa ile mvua ilikuwa kubwa, foleni ya Kisesa imesimama, na Yakobo anapiga honi mlangoni. Nikagonga matairi, nikaandika namba ile ile mara mbili. Nilijiambia Jumatatu Venant atakuja ataliendesha mwenyewe. Jioni akanipigia simu kutoka kitandani, sauti imeisha. Akauliza, "Umeliendesha?" Nikamjibu nimeliendesha. Akasema asante. Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho.

Jumanne nilipoona ni basi hilo hilo wametoa la kubeba jeneza nilitaka kusema. Ungesemaje, na watu wamevaa vitenge vya msiba na kwaya inaimba? Jeneza likishaondoka nyumbani halirudishwi, unajua. Na nikisema, lazima niseme fomu niliandika mimi, kisha watu wajue Venant alikuwa anafichwa, aaibike siku ya kuzikwa. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Njiani nilivua viatu nikasikia. Nilisikia vizuri kabisa. Tukafika salama, nikasema labda na kurudi watafika. Lakini moyo haukukubali nikuache humo.

Nilikuita wewe. Sina la kuongeza hapo.

Nimekimbilia huku nikidhani ziwa litaninyamazisha. Mama mdogo wako hajui, nitamwambia leo. Tarehe 27 nitakuwa makaburini. Nitasema mbele ya watu, kisha niende polisi kwa miguu yangu, kwa hiyo wewe usifungue kopo. Sitaki iandikwe kwamba uliniuza. Bernadeta usimwambie kabla, niachie nimwambie mimi.

Otuoma


Buzuruga
12 Oktoba 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Nasikia mahabusu barua wanazifungua, basi wasome, hakuna tena cha kuficha. Mama mdogo yuko kwangu tangu Jumapili iliyopita. Ameleta kuku wawili kwenye kapu na hataki wachinjwe. Favour anakutafuta kila akisikia mlango.

Kopo nililifungua. Wachunguzi walipokuja niliwapa karatasi zote. Ulinikataza, lakini neno lako lingebaki neno la mzee mwenye uchungu, na Yakobo alikuwa ameshaanza kusema umechanganyikiwa kwa msiba. Sasa imeandikwa kwamba Venant hakulikagua lile gari wala hakuisaini ile fomu. Ile karatasi ya ubaoni wameibandua. Yakobo ameitwa kuhojiwa, kwa kulitoa basi kwa haraka.

Msalaba umesimama. Wewe ulipochukuliwa na polisi, mzee mmoja akaomba koleo, wakachanganya saruji. Bernadeta aliosha vyombo vyote vya msiba peke yake, akakataa kusaidiwa. Jana kanitumia ujumbe niulize kama una blanketi.

Sasa Kashindye, mama yake Precious. Unakumbuka alisimama ukiwa katikati ya maneno yako, akauliza jambo moja kwa Kisukuma, nawe ukainamisha kichwa ukaendelea na mengine. Watu walidhani hukuelewa. Miaka ishirini na miwili na Venant, Kisukuma unakisikia kuliko mimi. Kaja kwangu mara mbili baada ya hapo, amekaa kwenye kigoda, hanywi hata maji. Hataki polisi, hataki fidia, halii. Anauliza lile lile. Anauliza, ulipomwita Akelo ateremke, ulimwona binti yangu akipanda?

Nimemwambia nitakuandikia. Amesema atasubiri. Usinijibu mimi, mjibu yeye, mimi nitamsomea.

Akelo


19 Oktoba 2025

Mama Kashindye,

Nilimwona. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Aliniuliza, "Babu, kile kiti cha tatu kina mtu?" Nikamwambia hakina, panda.

Otuoma